Siku ya Kofia Nyeupe

Viti walivyokalia watu kwenye msiba wangu vilitoka kazini. Vilikuwa vya plastiki, vyeupe, hamsini kamili, na miguu yake ilikuwa bado ina vumbi la saruji. Nilivitambua vilipokuwa vinateremshwa tu. Asubuhi ya siku aliyokufa mke wangu, mfungaji wetu wa minyororo aliondolewa kwenye nafasi yake akapelekwa kuvipanga, kwa sababu wageni wakubwa walikuwa wanakuja. Angeachwa pale alipokuwa, viti vile visingefika kwangu.

Meneja mwenyewe ndiye aliyevileta. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Pole sana, fundi. Kazi ya Mungu haina makosa."

Na kazi ya Mungu sina ugomvi. Ugomvi wangu ulikuwa na kazi yake yeye.

Kabla hajaondoka akanivuta pembeni, karibu na tangi la maji. Akasema ipo karatasi, nisiwe na wasiwasi, ataileta matanga yakishapita. Karatasi inasema mpiga ishara alitoa ishara ya kupandisha mzigo, halafu kwa uzembe wake mwenyewe akaingia chini yake. Mimi nitie saini tu kwamba ndivyo nilivyoona.

"Inakulinda wewe," akaninong'oneza. "Wewe ndiye uliyekuwa umeshika mtambo. Fikiria."

Nikafikiria. Nitasema ukweli hapa, maana nisipousema hapa nitausema wapi: nilifikiria siku nyingi.

Mimi ni mwendesha winchi. Nilikuwa. Ile winchi ya mnara, yenye mkono mmoja mrefu unaozunguka juu ya jengo. Kijumba cha mwendeshaji kiko juu kabisa. Kukifikia unapanda vipandio vya chuma mia mbili na kumi, na ukishafika hushuki mpaka mapumziko. Kwa hiyo wenzangu wakaniita Kipanga. Shule niliishia darasa la nne, lakini kule juu hakuna anayekuuliza herufi. Unaulizwa macho, mkono na subira.

Na macho yenyewe yana mpaka. Ukiwa juu vile, binadamu ni kofia yenye mabega. Huoni uso, hujui kama mtu anacheka au analia. Na yako mambo huyaoni kabisa: nyuma ya ukuta, nyuma ya rundo la mbao, upande wa pili wa mzigo. Ndiyo maana akawekwa mpiga ishara. Yeye ndiye macho yako ya chini. Akizungusha kidole juu, unapandisha. Akinyoosha mikono yote miwili pembeni, unasimama hapo hapo, hata kama dunia inaisha. Bila yeye wewe ni kipofu mwenye nguvu za watu mia.

Mpiga ishara wangu alikuwa mke wangu.

Alianza pale kwa kubeba maji ya kuchanganyia zege. Mpiga ishara wa zamani alikuwa mzee, macho yakamwisha, na kila akipumzika kivulini mke wangu alikuwa anakwenda kumuuliza: ishara hii maana yake nini, na hii? Mzee alipoondoka akasema, mtafuteni yule mama wa ndoo, anaijua kazi kunishinda. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akasema, "Mwanamke amwambie mumewe panda, shuka, simama, kutwa nzima? Hiyo si ajira, hiyo ni ndoa."

"Tofauti ni kwamba huku ananitii," mke wangu akamjibu.

Wakamwita Trafiki, na jina likamkaa. Walimpa kofia nyekundu. Sisi wote tulikuwa na za njano, yeye peke yake nyekundu, na kizibao chake chekundu. Hiyo ilikuwa sheria ya mzee wa zamani: mpiga ishara ni mmoja, rangi yake ni moja, na mwendeshaji hamfuati mwingine yeyote hata awe mwenye jengo. Kule juu nilikuwa nikitazama chini naona punje za mahindi zinatembea, na katikati yake punje moja nyekundu. Siku nzima jicho langu lilikuwa kwenye ile punje.

Hakuwa mtu wa haraka. Mzigo ukishafungwa alikuwa anauzunguka mzima, anagusa kila mnyororo, anahesabu watu walio karibu kama mama anayehesabu watoto kabla ya kufunga mlango. Ndipo anarudi nyuma, hatua kumi na mbili, anainua mkono. Anazungusha kidole polepole, kama mtu anayekoroga uji asiotaka uungue. Mzigo ukiinuka shubiri moja kutoka ardhini, mikono pembeni: simama. Anautazama kama umelala sawa. Akisharidhika, ndipo tunaendelea.

"Mzigo ni kama mtu aliyenuna," alikuwa akisema. "Muinue kidogo kwanza uone ameinamia wapi."

Na mkono wenyewe ulikuwa wa kushoto. Mama yake alijaribu kumwachisha tangu mdogo. Alimchapa, akaufunga kwa kitambaa wiki nzima, ukashindikana. Nyumbani aliosha vyombo kwa kushoto, alikata kitunguu kwa kushoto, na nikizidisha maneno mezani alininyooshea mikono yote miwili kama vile nimebeba nondo, nami nanyamaza. Majirani walikuwa wanatuona kama watu wawili wasio na akili timamu.

Jioni nikishuka namkuta mguuni pa ngazi na chupa ya maji, kofia yake nyekundu kwapani. Na kila jioni lazima apite mtu wa kusema, "Trafiki! Aliye juu mngoje chini!"

"Namngoja," anasema. "Nyinyi wenu wako wapi?"

Miaka sita hivyo. Sikuwahi kumgusa mtu na mzigo. Hata kuku.

Siku moja kabla ya wageni yakaja maboksi ya kofia mpya. Nyeupe, zina nembo ya kampuni mbele, zinang'aa kama mayai. Na vizibao vipya vya rangi ya chungwa, vya watu wote. Asubuhi yake meneja akasimama juu ya tofali akatangaza: leo kila mtu nyeupe. Wageni watapigwa picha, hataki kuona rangi rangi kama nguo zilizoanikwa. Utepe wa kuzuia watu eneo la winchi nao ukatolewa, eti unachafua picha. Meneja huyo tulimwita Haraka, kwa sababu neno hilo ndilo salamu yake. Alikuwa hajui jina la mtu hata mmoja, lakini haraka alijua kutuambia wote.

Mke wangu akamfuata. Nilikuwa nyuma yake, nasikia.

"Bosi, mimi naomba nibaki na yangu nyekundu."

"Kwa nini wewe?"

"Ndiyo anayoniona nayo. Kule juu."

"Leo ni nyeupe."

"Basi nifunge japo kitambaa chekundu juu yake."

"Mama, hapa ni kazini, si harusini."

Nikaingilia mimi. Nikasema, "Bosi, kofia zote zikiwa nyeupe nitamjuaje? Basi tupe redio." Maana redio zilikuwepo mbili, moja yangu na moja yake. Yake ilikuwa imechukuliwa asubuhi ile akapewa kijana wa getini, ili wageni wakifika meneja apewe taarifa.

Haraka akanitazama, halafu akawatazama watu waliokuwa wamesimama pale, akapaza sauti ili wote wasikie. "Jamani, Kipanga anasema hamjui mke wake! Miaka yote hiyo, akivaa kofia nyingine tu anampotea!"

Watu wakacheka. Mmoja akadakia, "Ndiyo maana jioni lazima angojwe mlangoni, asije akaingia nyumba ya jirani!"

Afisa wa usalama alikuwepo. Ana cheti ofisini kwake, kimewekwa kwenye fremu, na kazi yake yote ni kusema neno moja siku kama ile. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Mpaka leo ninajiuliza alikuwa ameona nini kwenye viatu vile.

Na mimi? Mimi nilicheka. Nilicheka pamoja nao, nikasema, "Namjua huyu hata mkimvika gunia." Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa mwanaume nimesimama mbele ya wanaume. Kama ingekuwepo njia ya kurudisha kicheko kimoja mdomoni, ningetoa macho yangu yote mawili nikirudishe.

Mke wangu hakucheka. Tulipofika mguuni pa ngazi akanikaza kamba ya kofia chini ya kidevu kama kawaida yake.

"Angalia mkono," akasema. "Nani mwingine hapa anayetumia kushoto?"

"Hakuna."

"Basi. Nyekundu hakuna, kushoto kupo. Ukiona mashaka, usiguse kitu. Nawe nenda polepole, leo watu wamechanganyikiwa."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyopewa. Nikapanda.

Mzigo ulikuwa fungu la nondo, lililofungwa minyororo miwili, mmoja kila upande. Kulikuwa na rundo la mbao karibu yake, linaziba kidogo. Nikatazama chini. Mayai. Mayai meupe kila mahali, na vizibao vya chungwa, na upande wa geti magari meusi yanaingia. Nikaona mtu mmoja ameinama kwenye nondo, nusu yake imefichwa na mbao. Nikasema moyoni, huyo ni mfungaji wetu, anamalizia mnyororo. Sikujua kwamba mfungaji yuko kwenye viti. Hakuna aliyeniambia, na kwa redio ningeambiwa na nani? Mke wangu alikuwa anafanya kazi ya watu wawili, na mnyororo mmoja ulikuwa umeteleza kuelekea katikati, naye ameinama anaurudisha kwa mikono yake yote miwili.

Halafu hatua kama ishirini kutoka pale, mbele ya kundi la wageni, nikaona kofia nyeupe imesimama peke yake, imeinuliwa kunielekea. Mkono ukainuka. Wa kushoto. Kidole juu, kinazunguka.

Pandisha.

Mkono wangu ulikuwa kwenye wenzo. Ukasita. Sijui pumzi moja, sijui mbili. Maana kidole kile kilikuwa kinazunguka mbio mbio, kama mtu anayefukuza nzi. Na mke wangu hakuwahi kuzungusha hivyo, siku moja katika miaka sita. Nililiona hilo. Lilipita mbele ya macho yangu wazi kama mchana. Kidole kikazunguka tena, kwa hasira sasa. Nikaona wageni wote wamegeuza vichwa juu, wananingoja mimi. Nikasema, labda naye leo wamemharakisha.

Nikavuta.

Sikusimama kwenye shubiri. Mkono ule ulikuwa bado unazunguka, nami nikaendelea. Fungu likainuka upande mmoja, likainama, na nondo zikachomoka kama njiti za kiberiti mtu anapogeuza boksi.

Nilichokiona baada ya hapo ni yule mwenye mkono. Aliushusha, akakimbia. Alikimbia kuondoka kwenye mzigo, si kwenda kwenye mzigo. Na mkono wa kulia ulikuwa umeshika simu, ameinyanyua, alikuwa anapiga picha. Hapo ndipo nilipojua yule si mke wangu, kwa sababu mke wangu asingeukimbia mzigo ulio na mtu chini yake. Alikuwa Haraka; nani mwingine angesimama mbele ya wageni na simu? Alitaka picha yake iwe na mzigo hewani.

Vipandio ni mia mbili na kumi. Kila jioni nilikuwa navishuka huku najua nani yuko chini. Siku ile nilivishuka kimoja kimoja, mikono inateleza kwa jasho, na kila nikitazama chini naona watu wamefanya duara. Nilipogusa ardhi hakuna aliyesema lile neno lao.

Siku ile hakuningoja.

Mama mkwe alikuja siku hiyo hiyo, akakaa kwangu. Ni mwanamke mfupi, mgumu, ambaye katika miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kunipandishia sauti wala mimi kumtazama usoni muda mrefu. Matanga yalipokwisha, viti vikarudishwa, tukabaki wawili nyumbani na sufuria ya chai. Alikuwa ameshasikia maneno. Mjini maneno hayahitaji miguu.

"Baba," akaniita. "Wanasema mwanangu alisema vuta, halafu akaingia chini mwenyewe."

Nikakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Mwanangu huyu?" akasema. "Aliyekuwa anagusa jiko mara tatu kuona kama limezimika? Aliyekuwa anavuka barabara kama anavuka mto? Wewe ulikuwa juu. Wewe ndiye uliyeona. Niambie."

Nikasema, "Ndivyo wanavyosema, mama."

Akachukua vikombe akaenda kuviosha, na chake nilikuwa sijamwona amekinywa. Nilibaki pale mezani. Nilikuwa nimemuua mke wangu mara ya kwanza kwa wenzo, na sasa nimemuua mara ya pili kwa maneno matatu.

Maana haya ndiyo yaliyokuwa mbele yangu. Nikitia saini, mimi sina kosa: nilipewa ishara na mwenye ishara, nikaifuata. Mke wangu ndiye mzembe, yuko kaburini, hawezi kukataa. Nisipotia, inabidi niseme mbele ya watu nani alitoa ishara ile. Na nikilisema hilo, nimesema pia kwamba nilimfuata mtu asiye mpiga ishara, kwamba niliona haraka yake nikavuta hivyo hivyo, kwamba nilitazama chini kwa macho haya na sikumjua mke wangu. Shahidi ni mmoja, na ndiye mkosaji.

Wiki ya tatu tukaitwa. Ofisi ya meneja ni kontena lililokatwa madirisha, lina feni moja inayotikisa karatasi zote. Alikuwepo Haraka, afisa wa usalama na viatu vyake, na mkaguzi wa serikali, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Mfungaji wa minyororo alisimama nje mlangoni, hakuitwa, alikuja tu. Na mama mkwe akaingia nyuma yangu akavuta kiti. Kiti cheupe.

"Mama, samahani," Haraka akasema. "Hiki ni kikao cha kazi."

"Na mimi kazi yangu ilikuwa kumzaa," akajibu, akakaa.

Mkaguzi akasema mwacheni. Haraka akasoma karatasi. Anasoma vizuri, lazima niseme, sauti yake imesoma shule nyingi. "Mpiga ishara, akiwa amesimama mahali salama, aliinua mkono wake wa kulia na kutoa ishara ya kupandisha. Baada ya hapo, bila sababu inayojulikana, aliingia chini ya mzigo." Akaiweka mbele yangu na kalamu juu yake. Nikaishika kalamu. Nitasema ukweli: nikaishika.

"Soma tena hapo," mama mkwe akasema.

"Wapi, mama?"

"Pa mkono."

"Aliinua mkono wake wa kulia."

"Si wake huo." Alisema taratibu, kama anayemrekebisha mtu bei sokoni. "Mwanangu alikuwa na mkono mmoja wa kazi, wa kushoto. Nilimchapa kwa ajili yake. Nikaufunga kwa kitambaa, akala kwa shida wiki nzima. Kama ungemjua, usingeandika hivyo."

Feni ikapiga karatasi. Mkaguzi akavaa miwani. Haraka akatabasamu, akaunyoosha mkono kuchukua kalamu kwangu.

"Kulia, kushoto, hilo dogo, tunarekebisha sasa hivi. Fundi, lete nifute. Tunaandika kushoto, tunamaliza."

Hapo ndipo kilipokatika kilichokuwa kinanishikilia. Si alivyodanganya, wakubwa kudanganya nimezoea. Ni alivyosema dogo. Mke wangu mzima, mikono yake yote miwili, anaweza kufutwa na kuandikwa upya na kalamu ya ofisini, haraka, tumalize.

Sikumpa kalamu.

"Mkono ulikuwa wa kushoto," nikasema. "Lakini ulikuwa wako. Wa kulia ulikuwa na simu."

"Nini?"

"Wewe ndiye uliyezungusha. Ulitaka picha."

Akamgeukia mkaguzi. "Huyu ana majonzi, mheshimiwa. Tumsamehe." Halafu akanirudia mimi, na sauti ikawa laini, kisu kilichopakwa mafuta. "Kwa hiyo, Kipanga, mbele ya mama mkwe wako, unasema uliniona mimi ukadhani ni mke wako? Ulishindwa kumjua mke wako?"

Ile ile. Kama asubuhi ile juu ya tofali. Ila safari hii hakucheka mtu.

"Ndiyo," nikasema. "Nilishindwa. Mlimvua rangi yake, mkachukua redio yake, mkaondoa utepe, mkampeleka msaidizi wake kwenye viti, mkanipa mayai matupu nichague. Lakini mkono wako ulikuwa na haraka, na yeye hakuwa na haraka siku hata moja. Nililiona hilo. Niliona, na nikavuta, kwa sababu wakubwa walikuwa wanatazama. Hilo ni langu. Liandikeni langu. Ila yeye hakutoa ishara yoyote. Alikuwa ameinama, mikono yote miwili iko kwenye mnyororo. Hakuingia chini ya kitu. Alikuwa kazini kwake."

"Na mimi nilikuwa kwenye viti," mfungaji akasema kutoka mlangoni. "Waulizeni nani alinituma."

Mkaguzi aliandika muda mrefu. Afisa wa usalama akavua kofia yake, akaigeuza geuza mikononi, akaivaa tena. Sikugeuka kumtazama mama mkwe. Sikuweza.

Nikwambie yaliyotokea baadaye, usije ukadhani haki ilishuka kama mvua. Mimi nilinyang'anywa leseni, na ni sawa, sidai. Haraka alihamishiwa jengo lingine, kubwa zaidi. Nasikia anatembea na kofia nyeupe. Kwenye lile jengo letu wameandika ukutani, herufi kubwa kama milango: MFUATE MPIGA ISHARA PEKE YAKE. Na mpiga ishara wao amerudishiwa kofia nyekundu. Vijana wanaona ni sheria iliyotoka vitabuni. Lakini kwenye karatasi ya mkaguzi ule mstari wa uzembe umekatwa. Nilimwomba anisomee mara mbili, na mara zote mbili haukuwepo.

Siku ile ya kikao tulitoka mimi na mama mkwe tukatembea mpaka barabara kubwa. Jua lilikuwa kali. Pembezoni watu wengi walikuwa wanangoja kuvuka.

"Mama," nikaanza. "Naomba unisa—"

"Usiniombe barabarani."

Magari yalikuwa yanapita mfululizo. Nilitaka tu kufika upande wa pili, niwe mahali pengine popote, nikanyanyua mguu bila kuangalia. Mkono wake ukapita mbele ya kifua changu, ukanizuia. Mfupi, mkavu, una nguvu. Ulikuwa wa kushoto.

Akaona ninavyoutazama.

"Na mimi nilifungwa kitambaa," akasema, macho yake yako barabarani. "Wangu ulitii."

Nafasi ikapatikana. Watu wakaanza kuvuka, wakatupita huku na huku. Mtu mmoja akanigusa bega: "Mzee, vuka basi, njia nyeupe!" Mwingine akapiga mluzi. Sikusogea. Mkono ulikuwa bado uko juu, nami nikasimama nyuma yake, nikangoja mpaka mwenyewe alipoushusha.